SOMO LA MWEZI HUU: NAMBA YA JANA ISIFUTWE
Jinsi ya kutengeneza daftari la kuhesabu wafuasi wa ukurasa wa chama



Somo hili tulilitoa kwa mdomo huko Gitaza, kando ya barabara ya taifa namba 3, mahali ambapo wenzetu wa Bujumbura na wenzetu wa Rumonge huweza kukutana bila upande mmoja kubeba nauli yote. Walikuwapo watu wa viwandani na watu wa mashamba ya michikichi. Waliokuwa zamu siku ile wameomba liandikwe, nasi tunaliandika karibu na tulivyolisema. Aliyefika darasa la sita ataweza kulifuata, kwa sababu sisi tunaolitoa hatukwenda mbali zaidi ya hapo.

Tuanze na aibu yetu wenyewe.

Tawi letu lilifungua ukurasa wa Facebook ili habari za mishahara, ajali na mikutano ziwafikie watu upesi. Katibu wa wakati ule alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika kwa penseli idadi ya wafuasi, yaani watu waliobonyeza ili waufuate ukurasa wetu. Kila alipopata namba mpya alichukua kifutio, akafuta ya zamani, akaandika mpya mahali palepale. Siku moja alisimama mkutanoni akasoma idadi iliyopita elfu moja. Tulipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Katika mkutano uleule aliomba tena fedha za "matangazo" kutoka katika michango ya wanachama, akapewa bila kuulizwa.

Miezi michache baadaye mama mmoja anayechambua ngazi aliuliza swali dogo: "Hawa watu elfu walikuja lini?" Hakuna aliyeweza kujibu. Je, walikuja polepole, wawili leo na watatu kesho, kwa kuwa waliona kazi ya chama? Au walikuja wote usiku mmoja? Daftari lilikuwa na namba moja tu, nayo haikuwa na tarehe. Baadaye ikajulikana kwamba fedha zilikwenda kwa mtu anayeuza wafuasi. Akaunti zile hazikuwa na watu nyuma yake, na wakati tunayajua hayo nusu yake ilikwisha kutoweka. Fedha ile ni mchango wa mtu anayebeba mikungu tangu alfajiri. Hatumtaji katibu yule, na kwa kweli kosa si lake peke yake. Makofi yalikuwa yetu.

Basi tulikaa tukajifunza namna ya kuweka hesabu hizo ili mwanachama yeyote aweze kuuliza "lini" na kupata jibu. Wataalamu huiita kazi hiyo kutengeneza kanzidata, au hifadhidata. Sisi tutasema daftari, maana ndilo jambo lenyewe, liwe la karatasi au la kompyuta.

Kila namba na siku yake

Sisi tunaokaa kando ya Tanganyika tunao mfano mbele ya macho yetu. Bandarini huwekwa kipimo cha maji, ubao wenye namba, na mtu husoma ziwa limefika wapi. Anayesoma leo hafuti alichokisoma jana. Anaandika mstari mpya: siku hii, kimo hiki. Kwa sababu hiyo tunajua leo kwamba ziwa lilipanda sana mwaka 1964 baada ya miaka ya mvua kubwa, na kwamba mwaka 2024, nyumba za ufukweni zilipoingiwa maji, lilikaribia tena mita 777 juu ya usawa wa bahari. Kama wasomaji wa kipimo wangekuwa na kifutio kama katibu wetu, tungekuwa na kimo cha leo tu, na kila mzee angebishana na mwenzake kuhusu yale ya 1964.

Mizani ya shambani ni vivyo hivyo. Kapita akiandika kilo za jumla tu bila siku, mwisho wa mwezi kibarua hana cha kushika. Akiandika kila siku na kilo zake, ubishi unakwisha au unaanza mahali panapofaa.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya daftari letu. Kila unaposoma idadi ya wafuasi unaongeza mstari mpya wenye tarehe. Hufuti na hubadilishi. Ukigundua kwamba ulikosea kusoma, andika mstari wa kusahihisha na ueleze, kama mweka hazina mwaminifu afanyavyo.

Madaftari mawili, si moja

Hapa ndipo wengi walipokwama pale Gitaza, kwa hiyo twende taratibu.

Tuseme chama kina kurasa tatu: mmoja Facebook, mmoja YouTube, na mmoja katika mtandao ulioitwa Twitter. Mtu wa kwanza kufikiri atachora jedwali moja kubwa na katika kila mstari ataandika: jina la mtandao, jina la ukurasa, nani anausimamia, tarehe, idadi. Inaonekana ni sawa. Lakini mwezi Julai 2023 Twitter ilibadilishwa jina ikaitwa X. Aliyekuwa ameandika "Twitter" katika kila mstari wa miaka mitano alikuwa na kazi ya kurekebisha mamia ya mistari, na hakika mingine angeiruka. Baada ya hapo daftari lake lingeonyesha kurasa mbili, mmoja uliokufa Julai na mwingine uliozaliwa Julai, hali ukurasa ni mmoja.

Kwa hiyo tunatenganisha. Daftari la kwanza ni la kurasa. Kila ukurasa una mstari mmoja tu, na tunaupa namba yake: 1, 2, 3. Katika mstari huo tunaandika mtandao gani, jina la ukurasa, ulifunguliwa lini, na kamati gani inausimamia. Namba hiyo haibadiliki hata jina likibadilika, kama vile namba yako ya kazi kiwandani isivyobadilika ukioa au ukihama nyumba.

Daftari la pili ni la hesabu. Hapa kila mstari una mambo machache: namba ya ukurasa, tarehe, saa, idadi iliyoonekana, na jina la aliyesoma. Hatuandiki tena "Facebook" wala "Twitter", tunaandika 1 au 3, na anayetaka kujua 3 ni nini anafungua daftari la kwanza. Twitter ikawa X, tunabadilisha neno moja katika daftari moja, na hesabu zote za nyuma zinaendelea kuwa za ukurasa uleule.

Wazo hili la kugawa habari katika majedwali yanayounganishwa kwa namba lilielezwa na Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, katika makala aliyoitoa mwaka 1970. Mabenki na mashirika ya ndege yanalitumia hadi leo. Na wewe unalo mfukoni bila kujua: programu ndogo iitwayo SQLite, iliyotolewa kwanza mwaka 2000 na isiyouzwa bali hutolewa bure, imo ndani ya karibu kila simu ya kisasa, na ujumbe wako wa WhatsApp umewekwa katika majedwali ya namna hiyo. Basi asikutishe mtu kwa kusema kanzidata ni jambo la wenye digrii.

Kuna sharti moja la kuweka katika daftari la pili: ukurasa mmoja usiwe na mistari miwili ya tarehe moja. Kompyuta ukiiambia sharti hilo italisimamia yenyewe na kuukataa mstari wa pili. Kwenye karatasi itabidi msimamie wenyewe. Bila sharti hilo wajumbe wawili watasoma siku moja, mmoja asubuhi na mwingine usiku, na mwisho wa mwaka mtakuwa na Jumapili zenye hesabu mbili na Jumapili zisizo na hata moja. Anayefuta ili kusahihisha atasema, "Sasa mstari wa kusahihisha nitauweka wapi?" Uweke siku utakayogundua kosa, na katika nafasi ya maelezo useme ni tarehe ipi iliyokosewa na namba iliyo sahihi ni ipi.

Swali la saa

Mtu angedhani kuandika tarehe na saa ni jambo dogo. Pale Gitaza lilichukua muda mrefu kuliko yote, na tulifurahi kwamba lilichukua.

Mwenzetu mmoja aliandika "saa 2". Simu iliandika 20:00. Wote wawili walikuwa sahihi, maana saa mbili usiku ni 20:00 kwenye simu, lakini atakayesoma daftari baada ya miaka miwili atadhani mmoja alisoma usiku wa manane. Tukakubaliana kwamba mazungumzo ni kwa saa zetu, na daftari ni kwa saa ya simu. Tena wenzetu walioko Kigoma, ng'ambo ya mpaka, wako saa moja mbele yetu. Rumonge ikiwa 20:00, Kigoma ni 21:00. Kama kuna ndugu wa huko anayesaidia kusoma, aandike saa ya Burundi.

Tarehe nayo ina mtego. Ukiandika 5/3, mmoja atasoma tarehe tano mwezi wa tatu, na kompyuta iliyopangwa Kimarekani itasoma tarehe tatu mwezi wa tano. Tunaandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-05. Ukipanga mistari kwa mtindo huo inajipanga yenyewe kwa mfuatano wa siku, wala hakuna wa kubishana.

Je, tusome kila siku? Hapana haja. Tawi dogo linatoshwa na mara moja kwa wiki, siku ileile na saa ileile, tuseme Jumapili jioni. Hata hivyo anayetaka kila siku asiogope kwamba daftari litajaa. Kurasa tatu kwa siku 365 ni mistari 1,095 kwa mwaka, na kwa miaka kumi ni mistari 10,950. Simu ya bei nafuu inabeba hiyo bila kuhisi. Tulisikia kicheko tuliposema kwamba mwaka 2014 wimbo mmoja wa Korea, "Gangnam Style", ulitazamwa mara nyingi hata YouTube ikalazimika kupanua kihesabio chake, maana nafasi iliyokuwapo iliishia 2,147,483,647. Tawi letu halitafika huko karibuni. Lakini fundisho lipo: unapochora nguzo ya idadi, acha nafasi zaidi ya unayohitaji leo.

Sifuri si sawa na kutosoma

Januari 2021, wakati wa uchaguzi wa Uganda, intaneti ilikatwa nchini humo kwa siku kadhaa, na Facebook ikaendelea kufungwa kwa miaka baada ya hapo. Chukua chama cha wafanyakazi kilichokuwa kikihesabu wafuasi wake kila siku. Katika siku zile hakuna aliyeweza kusoma. Karani mzembe ataandika 0, kwa sababu jedwali lina nafasi tupu na nafasi tupu inamkera. Matokeo yake, mchoro wa mwaka utaonyesha chama kimekufa siku moja na kufufuka wiki iliyofuata!

Kama hukusoma, acha tupu na uandike sababu: mtandao ulikatika, simu iliharibika, msomaji alikuwa mgonjwa. Sifuri ni jibu. Nafasi tupu ni kukiri kwamba jibu halipo. Wala usikisie namba ya katikati ili daftari lipendeze.

Jambo la jirani na hilo ni namba za mkato. Tangu Septemba 2019 YouTube haiwaonyeshi watazamaji wa nje idadi kamili ya wanaojiunga na ukurasa mkubwa. Penye watu 133,017 utaona 133K tu, na K hiyo maana yake ni elfu. Wale wanaofuatilia hesabu za kurasa za watu wengine, kama Social Blade ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2008, walipata tabu kwa badiliko hilo, maana ongezeko la mtu mmoja mmoja halionekani tena. Mwenye ukurasa bado huiona namba kamili kwa ndani. Basi kwa ukurasa wetu tusome kwa ndani, na kwa kurasa za wengine tuweke alama kwamba namba ni ya mkato. Usiandike 133,000 kana kwamba uliwahesabu.

Na tofauti kati ya wiki hii na wiki iliyopita? Watu wengi waliomba nguzo ya "ongezeko". Sisi tuliikataa. Ongezeko hupatikana kwa kutoa, na kompyuta hutoa kwa nukta moja. Ukiliandika kwa mkono, siku utakaposahihisha idadi moja utasahau kusahihisha ongezeko, na daftari litaanza kubishana na nafsi yake.

Daftari la matukio

Baada ya hayo mawili tuliongeza la tatu, jembamba: tarehe na tukio. Mkutano mkuu. Ajali ya boila. Tangazo la mgomo. Siku ya mshahara iliyocheleweshwa. Bila daftari hili utaona wafuasi wamepanda au wameshuka, lakini hutajua ni kwa nini, na kila mtu ataleta sababu anayoipenda.

Yaandikwe pia matukio ya mitandao yenyewe. Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti za uongo na za kero kwa mamilioni, na watu mashuhuri duniani waliamka wakakuta wamepungukiwa. Julai 2018 Twitter iliacha kuzihesabu akaunti ilizokuwa imezifunga kwa kushuku, na wakubwa wa kisiasa na wanamuziki walipoteza wafuasi maelfu kwa maelfu siku mbili tatu. Mwenye daftari la matukio anajua kwamba kushuka kule hakukutokana na maneno aliyoyasema jana. Asiye nalo ataanza kutafuta mchawi ndani ya kamati.

Wafuasi na wanachama

Hapa tunaomba msomaji atusikilize kwa makini. Mfuasi ni mtu aliyebonyeza. Anaweza kuwa Brussels, Muscat au Dar es Salaam, anaweza kuwa mtoto wa shule, anaweza kuwa mwajiri anayetaka kujua tunasema nini. Mwanachama ni mtu aliyejiandikisha na analipa mchango. Mbele ya mkaguzi wa kazi, na mezani mwa mwajiri, wanaohesabiwa ni hao wa pili. Mjumbe akienda kudai kwa kutaja wafuasi atachekwa, na itakuwa haki.

Hata hivyo hesabu mbili zikiwekwa sambamba, kila moja na tarehe zake, zinasema jambo. Wafuasi wakipanda na wanachama wasipande, watu wanatusikia lakini hawajatuamini, au hawajui pa kujiandikisha. Wanachama wakipungua kabla wafuasi hawajapungua, kuna kitu kimetokea shambani ambacho ukurasa haukisemi. Ndiyo maana daftari la wanachama tunaliweka kwa muundo uleule: kila mwezi mstari mpya, idadi ya waliolipa, hakuna kufuta.

Jambo moja tulilikataza kabisa. Kijana mmoja hodari alisema anaweza kuandika majina ya wafuasi wote pia, ili tujue nani kaja na nani kaondoka. Hapana. Tunahitaji idadi tu. Orodha ya majina ya watu wanaofuata ukurasa wa chama, ikianguka mikononi mwa mnyapara, ni orodha ya watu wa kuachishwa kazi. Simu huibiwa, kompyuta huazimwa, na karatasi hufungiwa ndagala sokoni. Lisiloandikwa halitaibiwa. Majina ya wanachama yanakaa kwa mweka hazina chini ya kufuli, na hayahusiani na kazi hii.

Nani asome na nani akague

Msomaji asiwe katibu anayesifiwa kwa namba hizo. Tulichagua wajumbe wawili wa idara tofauti, mmoja wa kiwandani na mmoja wa shambani, wanaopokezana kila mwezi. Nakala ya daftari inabandikwa ukutani ofisini kila mwisho wa mwezi na nyingine inabaki kwa mjumbe aliye mbali na ofisi. Mwenye kompyuta atumie programu yoyote ya majedwali. LibreOffice inapatikana bila kulipa. Asiye nayo achukue daftari la shule la mistari, achore nguzo kwa rula, na aandike kwa wino.

Zoezi la kufanya katika vikundi

Hili ni daftari la mfano, si la tawi lolote. Ukurasa namba 1, kila Jumapili saa 20:00:

2025-01-05: 412
2025-01-12: 415
2025-01-19: tupu (mtandao ulikatika)
2025-01-26: 421
2025-02-02: 1,398
2025-02-09: 1,240
2025-02-16: 655

Katika daftari la matukio, kati ya Januari 26 na Februari 2 hakuna kilichoandikwa. Katika daftari la mweka hazina, tarehe 2025-01-30, kuna malipo ya "matangazo" yasiyo na stakabadhi.

Kaeni watu watano watano. Wiki zipi ukurasa ulikua kwa mwendo wa watu, na wiki ipi ulikua kwa mwendo mwingine? Kama karani angeandika 0 mahali pa Januari 19, mngedanganyika vipi? Mngemwuliza katibu swali gani, na mngemwuliza mweka hazina swali gani? Na kama katika daftari hili ingekuwapo namba ya mwisho tu, 655, ni nani katika kikundi chenu angejua kwamba kuna swali la kuuliza?

Majibu yaletwe kwa maandishi katika mkutano ujao wa Gitaza, kila kikundi karatasi moja. Walioko zamu ya usiku wanaweza kuyatuma kwa mjumbe wao.